Mtumiaji Yatima

Leida,
bomba la ghorofa ya juu lilipasuka Jumapili,
nje nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
na maji yakashuka kwa adabu, kama mgeni asiyetaka kuamsha watu,
hadi chumba cha ndoo na mifagio
ilimokaa seva yako miaka kumi na minne.
Nilipofungua mlango taa yake moja ilikuwa bado inapepesa.
Nikaichomoa.
Wodi ya wazazi ya Võru ikalala haijui imezalisha nani.

Nakala rudufu ilikuwepo, ya Ijumaa,
maana Virve huichukua nyumbani kila wikendi
ndani ya mojawapo ya zile soksi za vichanga ulizofuma,
na karatasi yako ingali imebandikwa: USINIMWAGIE KAHAWA.
Nikapanda basi la Tartu, nimeipakata.

Seva mpya ni kijana: ina haraka, haina simile.
Nikaipa amri. Ikakataa.
Nakala inadai diski D; humu hamna diski D.
Inadai folda uliyoiita Mpya, na ndani yake Mpya Kabisa.
Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mgeni huyu
kaja na funguo za nyumba iliyozama
na anauliza kitanda chake kiko wapi.
Nikamwelekeza: hiki weka huku, kile kule.
Mistari miwili tu. Saa nzima ikaliwa na mkato mmoja.

Asilimia kumi. Kumi. Kumi na moja.
Indrek akaleta supu ya njegere, ikapoa.
Themanini na tisa, ikakwama pale
muda wa kutosha kumwomba Mungu na kumkatia tamaa.
Mia.

Nikahesabu: watoto kumi na moja elfu mia mbili na sita.
Hata mmoja hakupotea njiani.
Nikafungua ukurasa wa kwanza:
P?ld. K?iv. R?uk.
Seva ilikuwa imesoma kwa alfabeti ya watu wengine,
na ile õ yetu, inayowashinda wageni hata wakae miaka,
imegeuka alama ya kuuliza katikati ya jina la mtu.
Ukoo mzima baada ya ukoo mzima, wananiuliza mimi.
Nikafuta. Nikaanza upya, toka sifuri.

Saa tisa usiku Põld alikuwa Põld.

Ikabaki orodha ya watumiaji.
Virve, yupo. Daktari Saarniit, yupo.
Na wewe: leida, kwa herufi ndogo,
kando yake neno ambalo si langu, ni la mashine: yatima.
Maana yake umo ndani ya data, ila nyumba haikujui;
jina unalo, mlango huna.
Kitabu cha maelekezo kinasema apewe mwenyewe mpya, ama afutwe.
Kufuta ni mstari mmoja. Vidole vilikwisha kuuandika.

Ndipo nikapitia safu ya Maelezo, ambayo hakuna aliyekuomba uijaze:
"Baba kazimia, tumempa chai."
"Nywele nyekundu. Bibi anakana ukoo."
"Pacha wa pili alitoka amekasirika."
"Hakulia. Hakulia. Kalia."
Na mwisho wa kila mstari: aliyeandika, leida.

Nikarudi nyuma herufi moja moja mpaka amri ikaisha.
Kaa hapo. Bila nywila, bila mlango.
Wakaguzi wakiuliza nitasema nilisahau.

Saa moja kasoro Virve akapiga simu, sauti ya chini:
kuna mama kafika, je, pako wazi?
Pako wazi, nikasema.

Saa nne na robo: mvulana, gramu 3,480.
Namba kumi na moja elfu mia mbili na saba.
Aliyeandika, virve. Maelezo: tupu.
Kisha, nikiwa navaa koti, yakajazwa:
"Ana miguu mikubwa. Soksi haimtoshi."