Lindo la Saa Tisa

Sikwenda jeshi mimi.
Walipokuja kuandikisha vijana Hombolo
nilikuwa Kongwa, nachunga ng'ombe wa mjomba.
Sasa nina miaka sabini na minne
na jeshi limenifuata kitandani,
limenifunga mkanda.

Nusu mkanda, kusema kweli.
Ulianzia kwenye uti wa mgongo,
ukazunguka mbavu za kushoto,
ukakomea hapa chini ya chuchu
kama fundi aliyeishiwa ngozi.

Kwanza moto usio na moshi, siku tatu.
Nikasema ni baridi ya Julai, ni upepo wetu huu
unaopiga hodi hadi kwenye mifupa.
Siku ya nne vikaota vishada.
Nimelinda zabibu miaka ishirini na sita,
vishada navijua.
Hivi vilibanana, vimejaa maji,
na shati likivigusa, shati nalo ni adui.

Majirani walitazama, wakashusha macho.
Unalijua neno wanalolitafuna watu wakiona mkanda.
Mkwe wangu alileta ugali
akauacha kizingitini.
Wakanipima kituoni. Hamna.
Wakanipima tena, maana mkwe hakuamini.
Hamna.

"Babu," akauliza sista Nyemo, huku anaandika,
"uliwahi kuugua tetekuwanga?"

Nikacheka. Nani atakumbuka,
halafu nikakumbuka:
tembe la baba, giza lenye harufu ya ndama,
mimi na Chitemo juu ya ngozi moja,
mama ametufunga vitambaa mikononi tusijikune.
Chitemo alihesabu vipele vyake, akafika arobaini,
akadai ameshinda.
Tumemzika mwaka juzi.

"Basi huyo mdudu hakuondoka," akasema Nyemo.
"Alijificha kwenye mizizi ya mishipa, kando ya uti wa mgongo,
askari wa mwili wako wakamkalia mlangoni
miaka yote hiyo. Wamezeeka nao, babu."

Foleni ilikuwa ndefu, hakunieleza zaidi.
Lakini mimi ni mlinzi.

Nalijua lindo la saa tisa usiku.
Mwanzoni jani likianguka mstari wa kumi na mbili
unajua ni jani, si mguu.
Miaka inapita. Tochi ileile, rungu lilelile,
filimbi shingoni,
na asubuhi moja unashtuka jua limekukalia usoni
na mistari miwili imevunwa.
Meneja hakunifokea.
"Wezi ni walewale, mzee," alisema.

Walewale.
Miaka sitini na sita mgeni yule
alisikiliza nyayo zangu, ndani kwa ndani,
akingoja zipungue.

Funika, Nyemo aliniambia, hasa mbele ya watoto.
Nikafunika.
Lakini Sechelela ana miaka minne, kizingiti hakijui.
Aliruka sahani ya ugali, akapanda kitandani,
akalala usingizi kwenye ubavu wangu mbovu,
na bendeji ilikuwa imelegea, na mimi,
Mungu anisamehe, ilikuwa wiki nzima
sijaguswa na mtu.

Wiki mbili baadaye, vipele tumboni, kisha usoni.
Mkwe alinitazama tu.

Nachana kanga kuukuu, namfunga mikono.
Anahesabu: anafika kumi, anaanza upya,
mali yake haiishi.
Usijikune, mjukuu wangu.
Walinzi wako wangali vijana, wanasikia jani.
Watamkamata, watamfungia kule nyuma gizani,
nawe utamsahau
mpaka siku ambayo mimi sitakuwepo kuiona.

Kwangu vidonda vimekauka,
moto haujapata habari.
Unaniwasha usiku, palepale, ubavu wa kushoto.
Treni inapita mbali, mbwa wananyamaza,
mtoto anageuka, anavuta pumzi.
Ni saa tisa. Niko macho.
Meneja angeniona.