Nyuma ya Daftari la Madeni

Mbele ya daftari, wadaiwa:
Mwalimu Shekiondo, kopi sitini za jaribio;
ofisi ya mkonge, barua tatu na bahasha.
Nyuma, kwa penseli, nimeligeuza juu chini
mtu akilifungua asijue pa kuanzia:
kompyuta yangu.

Kasha na ubao wake, mtumba wa ofisi,
laki mbili na nusu kwa Singano, Barabara ya Kumi na Mbili.
Bado lina kibandiko cha benki ya watu huko Ulaya.
Ramu, kijiti kimoja cha giga nane: elfu arobaini.
Pawa saplai: elfu sabini.
Singano anasema iliyomo inatosha.
Nimeimulika ubavuni kwa tochi ya simu:
wati mia mbili na arobaini.
Singano huuza, hasomi ubavu.
Monita yenye mstari wa kijani usiofutika: elfu tisini.
Mstari nitauzoea. Nimezoea mengi.

Na kadi ya picha.
Hapa nimefuta mpaka karatasi imetoboka.

Laki mbili na nusu.
Kwa shilingi mia ukurasa, ni kurasa elfu mbili na mia tano,
rimu tano, nazihesabu rafuni kwa macho,
laiti kila karatasi ingekuwa yangu.
Yangu ni elfu saba kwa siku, na chai.

Haba na haba, wanasema.
Kibaba changu kina tundu:
luku, gesi, mchango wa harusi ya Mwantumu.
Mwezi wa tatu tundu lilikuwa kubwa kuliko kibaba.

Nimepima ndani ya kasha kwa futi kamba ya fundi cherehani.
Kadi isizidi sentimita kumi na saba.
Iliyo ndefu ni nzuri, lakini itakuwa kama kabati la shangazi
lililogoma mlangoni siku ya harusi,
likalala uani, mvua ikalifungua mbao moja moja.

Halafu chumvi. Hapa Tanga chumvi haibishi hodi;
imekula bawaba za dirisha, imekula baiskeli yangu fremu nzima.
Nimeandika: chujio la feni, soksi ya nailoni, bure.
Ndiyo bei pekee niliyoipigia mstari.

"Unamnunulia Mhina?" Singano huniuliza.
Nasema ndiyo, maana ndiyo ni fupi.
Mhina hana habari na gemu. Mhina ana kuku kumi na wanne.

Mimi ndiye niliyesimama mlangoni pa banda la gemu Makorora,
miaka tisa, shilingi mia mbili ikiloa kiganjani,
mwenye banda akisema, wewe binti umetumwa na nani?
Sikutumwa.
Nikachungulia kati ya mabega ya wavulana,
magari yakikata kona kwenye mvua ya kioo,
nikazijua kona zote bila kuzigusa,
pa kuachia mafuta, pa kukanyaga breki,
vidole vikicheza peke yao nyuma ya mgongo.

Jana Mama karudi kutoka zamu ya usiku Bombo,
kavua kiatu kimoja, kalikuta daftari wazi.
Kalisoma kama chati ya mgonjwa, kidole kikishuka.
"Umeusahau umeme," akasema.
Kweli. Umeme wa mtaa wetu huondoka bila kuaga
na hurudi na hasira.
Akachomoa kalamu ya kazini, akaandika kwa wino:
stabilaiza, 65,000.
Laki saba sitini na tano.
Hakuuliza ya nani. Akavua kiatu cha pili.

Ukiona vyaelea, vimeundwa.
Changu hakijaundwa, na bado kinaelea.
Leo nimenunua kijiti cha ramu. Hakina pa kuchomekwa.
Nimekiweka kwenye kopo la biskuti,
pamoja na vyeti vyetu vya kuzaliwa,
na nimeshalifungua mara tatu.