Karibi Iko Mbali

Mtaa wa Mkwepu, ghorofa ya pili, feni inakohoa.
Shafii anatupangia visiwa mezani
kama muuza vitenge anayejua mteja ameshatekwa:
hiki Antigua, hiki Babado, hiki kina maporomoko.
"Kila kitu ndani, mama. Kula, kunywa, kulala,
hadi mwavuli. Mkifika mnavalishwa bangili,
basi, pochi mnaisahau."

Evarist ametoa kalamu nyekundu.
Miaka thelathini na mmoja amefundisha jiografia,
Karibi ameichora kwa chaki
kama punje zilizomwagika mlangoni mwa ghala,
jina linasema karibu, ramani inakataa,
andikeni: miwa, ndizi, utalii.
Leo anasahihisha hoteli.
Ya kwanza, ngazi mia na kumi hadi ufukweni: "Rudia."
Ya pili, mabwawa matano, bahari haionekani: "Hujajibu swali."
Ya tatu ni ya watu wazima tu.
"Kwani sisi," ananinong'oneza, "bado tunanyonya?"

Nyumbani Segerea hakuna aliyetuelewa.
Wifi Konsolata aliweka kikombe chini.
Bahari? Bahari hii hapa,
pantoni mia mbili, Kigamboni unashiba mawimbi,
samaki unamchagua kwa macho
na unarudi na chenji.
Nyie mnavuka bara zima na maji yake
kwenda kutazama maji?
Nikanyamaza. Hana kosa.
Hesabu ninazijua kuliko yeye, mimi mhasibu:
kikoba cha miaka sita, nusu ya kiwanja cha Chanika,
dola inayopanda kila tukilala,
na ile bei "ya mtu mmoja katika chumba cha wawili",
maneno niliyoyasoma mara tatu
nikimtafuta huyo mtu mmoja.

Mwaka juzi nusura awe mimi.

Mwaka juzi Evarist alivalishwa bangili ya plastiki,
nyeupe, jina limekosewa herufi,
siku kumi na tisa wodini.
Huko hakukuwa na kila kitu ndani.
Glavu, kalipie. Dripu, kalipie. Pamba, dirisha namba nne,
limefungwa, nenda la sita, lete risiti.
Nilishuka zile ngazi hadi viatu vikajua njia,
na kila nilipopanda
nilihesabu vitanda kutoka mlangoni,
nikiomba cha saba kisiwe kitupu.

Sukari, walisema. Mguu tuliuokoa.
Vidole viwili havikurudi nyumbani.

"Na vinywaji havina kikomo," Shafii anasifia,
"keki mpaka saa sita usiku."
Mume wangu anatabasamu
kama mtu anayesikia habari za shule aliyohama.
Tutalipia ramu atakayoinusa,
tutalipia keki itakayotazamana naye,
visiwa vya miwa, na yeye na sukari yake!
Nasema basi, tuahirishe, twende Bagamoyo siku mbili.
Hainui macho.
"Niliwaambia watoto wa watu kwamba ipo.
Acha nikaone kama sikuwadanganya."

Kisha anaandika pembeni: saba kwa kumi.
Hoteli ndogo, haina ngazi, picha yake
haina hata mhudumu mwenye trei,
kibaraza tu, viti viwili, kimoja kimepinda.

Shafii anavuta kikokotoo. Ninamuuliza swali
nililolibeba mkobani tangu Segerea:
Huko, mtu akiamka usiku akataka maji,
wanampa kwanza
au wanamtuma mwenzake dirishani?

Anacheka, akidhani ni utani.
"Wanampa tu, mama. Bangili inatosha."

Lete kalamu, namwambia Evarist.
Hiyo hiyo nyekundu.