Makadirio, Butte, Montana

Ameileta ndani ya soksi ya sufu,
ya mwanamume, kisigino kimetoboka,
akaiweka juu ya kioo cha kaunta
kama mtu anayemlaza paka mgonjwa.
Nje theluji ya Machi, chafu, nusu maji.
"Nataka kujua tu," asema Bi Arlene Tregonning.
Wote huanza hivyo.

Nafungua silinda. Tupu. Natazama tena.
Ngamiani, barabara ya kumi na mbili,
baba alinifunza saa: usiamini mlio,
amini meno ya gurudumu.
Basi navuta nyundo polepole, nasikiliza.
Chumba cha kwanza chafunga. Cha pili. Cha tatu, cha nne.
Cha tano chachelewa, mzee kwenye ngazi.
Cha sita chafunga.
Kitabu cha bei chasema mia sita kwa iliyo safi.
Naandika: punguza arobaini.

Buluu ya kiwandani imebaki shingoni tu.
Ubavu wa mtutu ni mweupe kama kijiko,
ala ya ngozi imeulamba miaka thelathini.
"Alikuwa mlinzi mgodini," asema.
"Mgodi ukafungwa, yeye akaendelea kuivaa.
Dukani, kanisani, kwa daktari wa meno."
Punguza hamsini, bila kinyongo:
mnunuzi husamehe kilichochakaa,
hasamehi kilichochokonolewa.

Na hii imechokonolewa.
Mkia wa nyundo umekatwa kwa msumeno,
tupa imeacha mikwaruzo hata haikufutwa kwa msasa.
Punguza sitini.
Kifyatulio kimelegezwa, pumzi yatosha.
Punguza sabini.
"Vidole vyake," asema. "Baridi yabisi."
Mbao za mpini ni mtofaa, zimechongwa kwa kisu,
upande mmoja umenenepa
kuziba nafasi ya kidole kisichokuwepo.
Naushika. Mkono wangu unakataa.
Mkono wa yeyote utakataa.
Punguza mia.

"Na hii nyekundu, kwenye ncha ya shabaha?"
"Rangi yangu ya kucha. Macho yalipoanza kumtoka.
Kila Krismasi naipaka upya."
Naweka lenzi jichoni: tabaka juu ya tabaka,
nyekundu, nyekundu, waridi, nyekundu,
halafu mstari mwembamba wa zambarau.
"Mwaka huo tuligombana."

Nasema kwa sauti ya kazi:
nina asetoni, dakika mbili, inatoka.
Ilivyo, mia mbili na hamsini.
Ikitoka, mia mbili na themanini.

Hajibu. Anafungua mkoba,
anatoa kifurushi cha karatasi ya mkate.
Ndani, mbao za asili, za kiwanda,
vijisanduku vyake bado vikali kama meno ya mtoto.
"Alisema siku moja nitazihitaji."
Ongeza themanini, nasema, na naona aibu
jinsi nilivyofurahi.

Nafungua skrubu. Mtofaa unaachia.
Nilitegemea jina upande wa ndani, tarehe,
neno lolote la penseli.
Hakuna. Jasho tu, jeusi, limekauka.
Navisha mbao za kiwanda,
na hapohapo bastola inakuwa ya mtu yeyote.

Vipande vya mtofaa anavitia kwenye soksi.
"Na rangi?" namuuliza.
"Iache."
"Ni dola thelathini, Bi Arlene."
"Nimesikia. Ni thelathini zangu."
Anatia sahihi, mia tatu na thelathini,
anahesabu noti mara mbili kama mke wa mchimba madini,
anatoka, soksi mfukoni.

Imekaa rafuni wiki ya tatu sasa.
Jana kijana wa Anaconda aliigeuzageuza,
akaikwangua ncha kwa ukucha wa kidole gumba.
"Hii inatoka?"
Asetoni iko kwenye droo, chini ya mkono wangu.
Haitoki, nikamwambia.
Imeingia kwenye chuma.