Glavu ya Kushoto

Mama alituachia glavu moja, ya kulia.
Ya kushoto ilisahaulika kwenye basi la Võru
mwaka ule ambao hata mto Emajõgi uliacha kwenda.

Dada yangu Virve hakuililia. Aliihesabu.
Akaipandisha ya kulia kwenye kisahani kinachozunguka,
kamera ikaidonoa nukta laki mbili na ushei:
sufu, mafundo, nyota zilizofumwa,
na penye kidole gumba, tundu la nondo.

"Picha hujua nuru ina ukali gani," akaniambia.
"Haijui imetoka umbali gani.
Nusu ya habari humwagika njiani."
Mimi fundi wa paa. Niliitikia kwa kichwa.

Basi kila nukta akaiamuru irushe wimbi lake,
kokoto laki mbili kwenye dimbwi moja,
na kompyuta ikae ukingoni ikijumlisha:
hapa mgongo umekuta mgongo, mwanga;
hapa mgongo umekuta bonde, giza.
Siku tatu feni zilivuma. Tulivua makoti,
na nje Tartu ilikuwa nyuzi ishirini chini ya sifuri.

Kilichotoka ni majivu.
Kioo sawa na ukucha, kimejaa vumbi la kijivu.
"Ndiyo hii?"
"Ndiyo. Ukiivunja, kila kipande
kina glavu nzima, ila hafifu."
Nikawaza: kama sisi wawili.

Akawasha leza. Chenga tupu,
glavu iliyofumwa kwa mchanga.
Akairudia hesabu, mbele na nyuma, mbele na nyuma,
kama mama alivyofumua mstari asioupenda.
Kisha akanitazama,
akabadili alama moja tu:
jumlisha ikawa toa.

Saa tisa usiku ikakaa hewani,
ya kushoto,
nyekundu yote, maana leza haikujua rangi nyingine.
Nikisogea huku, inanipa ubavu.
Nikiinama, inanionyesha mdomo wake
na lile giza la ndani ambamo mkono huingia.

Niliuingiza wangu. Haikukataa.
Haikunipasha joto pia.
Virve alikuwa amegeuka, anaandika saa kwenye daftari,
ndipo nikaliona:
tundu lilikuwepo na hapa, penye gumba,
kwenye glavu ambayo nondo
hakuwahi kuifikia.