Chumba cha Milango Miwili

Nilipoacha hospitali sikuaga kwa hotuba.
Nilirudisha funguo na beji. Kalamu niliiacha pale pale,
miaka tisa imefungwa kamba mezani isitoroke.
Nikatoroka mimi.

Dakika saba kila mtu. Fomu ina visanduku:
analala, halali; anakula, hali;
ana mawazo ya kujidhuru, ndiyo, hapana.
Hapakuwa na kisanduku cha Bi Barke
aliyesema, "Nalala, mwanangu, lakini siamki,"
nami, jicho kwenye saa, nikatia alama penye "analala."
Alama ile ndiyo iliyonitoa.

Nikatafuta chumba. Mji huu una mato:
madaka yanatazamana tangu yajengwe,
ukipiga chafya Mkomani, Langoni wanakuombea rehema.
Nani ataingia kwa mshauri
na kabla hajakaa, shangazi yake asiwe ameshajua?
Nikapata nyuma ya duka la Fundi Lali, mshona kanzu:
chumba kimoja, milango miwili,
mmoja wa njia kuu, unapitia kwenye cherehani,
wa pili unatokea kichochoroni, penye punda wa mtu na pipa la maji.

Basi watu wangu huja na vitambaa.
Mita mbili za poplini, kipande cha dakroni,
"Napeleka nguo kwa fundi." Wala si uongo;
Lali kapata wateja, wapo walioleta huzuni
wakaondoka na kanzu ya Idi.
Yeye hupima mabega, hasemi. Siku moja tu aliniambia:
"Hawa wako, mabega yao hubadilika.
Nikiwapima tena, naona inchi moja imerudi."

Mama hajanielewa. "Yeo umeuza masikio kwa bei gani?"
Mwezi wa kwanza nilipokea noti mbili, boga, na ahadi.
Usiku nilihesabu kodi kizani,
nikiukumbuka mshahara wangu
kama mtu anavyomkumbuka mume mbaya
aliyekuwa, hata hivyo, akileta mchele.

Wananiita mshauri. Huja wamekinga mikono:
nimwache, nimsamehe, niuze kiwanja?
Nami nimeapa, shauri langu likae chini ya mkeka.
Si kwamba sina. Ninalo, linanikereketa koo.
Siku nyingine hunitoka,
na hapo huiona sura ya mtu ikifungwa
kama duka saa ya adhana,
na wiki nzima ninalipa.

Bwana Shekue alileta kofia badala ya kitambaa,
kofia ya vito, nusu imeshonwa.
"Mikono yangu haijui kukaa." Shona, nikamwambia.
Ijumaa nne alishona, nami nikatazama sindano
ikizama, ikiibuka, tundu baada ya tundu.
Hatukusema ila habari za uzi:
wa siku hizi hukatika, wa zamani ulikuwa na adabu.
Nilijiuliza kama hii ni kazi.
Nilijiuliza kama Mama hasemi kweli.

Ijumaa ya tano sindano ikasimama.
"Ni ya mwanangu," akasema. "Alitutangulia nikiwa hapa, safu hii.
Kipimo cha kichwa chake ninacho vidoleni.
Nikiimaliza, itakuwa ya nani?"

Nilikuwa na jibu. Zuri, la dini na la darasani.
Nikalikalia.
Nje punda alijikuna ukutani. Cherehani ya Lali ilinyamaza
(sijui kama alisikia, sijamuuliza hadi leo).
Bwana Shekue akalia kama mtu anayekohoa,
kisha akauma uzi, akaikunja kofia, akaitia mfukoni.
"Ijumaa?"
"Ijumaa."

Alitoka kwa mlango wa nyuma. Nikamsikia mwenye punda:
"Vipi, nguo ishakwisha?"
"Bado," akajibu. "Fundi anasema bado."