Watu Wako Hawali

Mwalimu Shekuwe amenirudishia daftari
kwa mkono wa mtoto wake, ndani ya mfuko wa sukari.
Hakuja mwenyewe. Nikajua.

Kurasa mia na tisini,
Ramadhani mbili zimepita nikiandika baada ya isha,
nimeinamia meza ya cherehani ya mamangu,
naye kaandika nyuma, kwa penseli, maneno matatu:
Watu wako hawali.

Basi!
Hakuiona mvua niliyoinyesha Mkomani sura ya pili,
hakuiona talaka, wala ile barua
iliyoniliza mimi mwenyewe niliyeitunga.
Nikamwita hasidi. Nikamwita hasidi mchana kutwa,
nikichemsha mbaazi, nikikuna nazi,
mpaka mbuzi ikanila kidole.

Kakangu Mzamil akauliza toka juu darini,
"Na hiyo riwaya, itakulisha?"
Akacheka. Mkewe akacheka nyuma yake, kwa adabu.
Sikujibu. Mchuzi ulitaka chumvi.

Usiku umeme ukakatika Langoni nzima.
Nikawasha tochi ya simu nimkomoe Mwalimu:
nitafute mlo mmoja tu, nimpelekee asubuhi.
Nikapekua.
Mwanajaa wangu anatoka Faza kwa miguu,
anafika Siyu, anagombana, anaposwa, anamzika babake,
siku tisa,
na hata tonge halikupita kooni.
Nimempa leso, nimempa machozi,
nimempa methali kumi na moja,
maskini, sikumpa hata kikombe cha maji.

Inauma. Bado inauma, sitaki kusema uongo;
kuwa dawa hakuiondolei shubiri uchungu.
Na si kila neno ni dawa. Jirani aliyesema
mwanamke atungaye uongo ataulizwa kaburini,
lake nimeliacha pale pale alipoliweka.
Hili moja ndilo lililonikalia kitako.

Nikafungua ukurasa wa arubaini.
Matanga, nyumba imejaa watu, Mwanajaa anatakiwa alie.
Nikamkalisha jikoni kwanza.
Nikampa mkate wa mofa, wa jana, mgumu,
na chai ya tangawizi.
Akauchovya.
Akatafuna upande mmoja,
kwa sababu (hili sikulijua)
ana jino bovu,
na babake ndiye aliyeahidi
kumpeleka hospitali Jumatatu.

Hapo akalia bila mimi.

Asubuhi nimemrudishia Mwalimu mfuko wake wa sukari.
Mahamri manne ndani.
Daftari, bado.